Dada Yangu Aliyeimba "Ovaroli"

Mpendwa dada yangu Elinipa,

Shikamoo. Ulikuwa hupendi nikuamkie hivyo mbele ya wenzetu wa bendi, ulisema nakuzeesha. Leo kichwa changu kimejaa mvi, lakini bado umenizidi miaka saba, kwa hiyo ipokee.

Sijui barua hii itakukuta wapi. Sina anwani yako wala namba yako ya simu. Wanangu wamekutafuta mtandaoni kwa majina yako yote, la ubatizo na la ukoo, wakawa wananionyesha picha za wanawake wa watu kwenye simu, mmoja baada ya mwingine, nami natikisa kichwa. Ndiyo maana naandika barua ya wazi, asome yeyote. Labda kati ya watakaoisoma yupo anayekufahamu.

Kilichonisukuma ni mgeni. Mwezi uliopita alikuja hapa Nkoaranga mwanamama mmoja kutoka Dar es Salaam. Kazi yake ni kutafuta kanda za zamani na kuzitoa upya. Kanda yetu, Punguzo, aliipata kwa fundi redio wa Moshi. Alikaa barazani kwangu akanisikilizisha pande zote mbili, huku akiuliza nani alipiga nini, tulirekodia wapi, tulijifunzia wapi muziki wa namna ile. Nilimjibu yote. Mwisho akauliza, "Na huyu mwimbaji, dada yako, yuko wapi siku hizi?"

Niliinama nikakusanya vikombe vya chai. Akadhani umefariki. Akaniambia, "Pole sana, baba." Nami niliipokea ile pole, Dada.

Alipoondoka nilikaa pale pale mpaka jua likahama barazani. Kesho yake nilimwambia kwa simu kwamba siwezi kumpa ruhusa ya kutoa sauti yako bila wewe kujua. Akasema basi niandike, yeye atahakikisha barua inachapwa gazetini. Kwa hiyo naandika.

Naanza mbali kidogo, univumilie. Mama alipofariki nilikuwa na miaka minne, wewe kumi na mmoja. Sura yake siikumbuki vizuri. Ninachokumbuka ni mgongo wako, na kitenge ulichonibebea, na namna ulivyokuwa unapanda njia ya kwetu yenye mwinuko ule huku unaimba ili usisikie unavyohema. Ulikuwa msichana wa kwanza kukubaliwa kwenye bendi ya tarumbeta ya usharika wetu. Mwalimu wa bendi alikataa mara mbili. Mara ya tatu ulimpulizia wimbo mzima wa Pasaka bila kukosea, akakuandika kwenye orodha, maana ulikuwa umeshajifunza kwa kujificha migombani. Mimi ulinichagulia tromboni. Mkono wangu haukufika mwisho wa bomba, ukanifungia kamba ili nikilisukuma mbali niweze kulivuta lirudi. Watoto wenzangu walinicheka. Ukaniambia, "Wacha wacheke, wewe vuta kamba."

Halafu zikaja siku za ruksa, biashara ilipofunguliwa. Nani asiyezikumbuka? Maduka ya mjini yaliyokuwa matupu yakajaa sabuni za rangi zote, redio, viatu, biskuti za Ulaya. Wewe ukapata meza yako ya mitumba Kaloleni, Arusha. Mimi nilikuwa nimemaliza shule, nakusaidia kufungua mabelo ya nguo. Baba alikuwa fundi wa mashine za kufuma katika kiwanda kimoja cha nguo pale mjini, na kila asubuhi alishuka kwenda kazini na ovaroli yake ya bluu uliyokuwa unaipiga pasi ya mkaa, kola na yote, kana kwamba ni suti.

Bendi yetu ilianzia pale kwenye meza yako. Harjit alikuja kutafuta koti, akakukuta unaimba, akasahau koti. Babu yake na baba yake wote waliuza vipuri vya magari, naye alitakiwa auze vipuri, ila akili yake yote ilikuwa kwenye kinanda. Saidi alikuwa mtu mzima kuliko sisi, mpiga ngoma wa bendi ya shirika moja la umma. Shirika lilipovunjwa, bendi nayo ikavunjwa, vyombo vikauzwa, yeye akabaki na vijiti vyake viwili. Tulikodi chumba hapo hapo Kaloleni, nyuma ya uwanja wa mpira, tukabandika trei za mayai ukutani ili majirani watuvumilie.

Siku Harjit alipoleta kanda alizotumiwa na binamu yake kutoka Uingereza, tuliketi sakafuni wanne. "Inaitwa asidi jazi," akasema. Besi ilikuwa inatembea kama mtu anayewahi kitu, ngoma zinakatakata, na juu ya vyote hivyo tarumbeta na tromboni. Vyombo vyetu vya kanisani! Tulitazamana wewe na mimi. Hatukujua kwamba vinaruhusiwa kufanya vile. Saidi alisikiliza amefumba macho, kisha akatoa hukumu: "Hili ni dansi lililokunywa kahawa nyingi."

Ulipomwambia Baba jina la muziki wetu, aliuliza, "Asidi? Ile ya betri?" Ulicheka mpaka ukakaa chini, na Baba akacheka kwa kuona wewe unacheka. Sina picha ya siku ile.

Jina la kanda ulilitoa wewe. Kila duka jipya mjini lilibandika karatasi mlangoni: PUNGUZO. Na viwandani watu walikuwa wanaitwa ofisini mmoja mmoja kuambiwa kwamba wamepunguzwa. "Ni neno moja," uliniambia, "ila la dukani linakuita uingie, la kiwandani linakutoa nje." Ukaanza kuandika. Ukaandika wa kahawa, wa mkulima anayeambiwa bei na mtu ambaye hajawahi kuchuma. Ukaandika "Kafa Ulaya", wa koti la mtumba linalomwuliza mnunuzi wake kama anajua mwenyewe wa kwanza alikuwa nani. Tulikuwa vijana, tulidhani shida zote tunazoziimba ni za watu wengine.

Wewe ndiye uliyejua kwanza. Uliniambia Jumamosi moja tukichuma kahawa nyuma ya nyumba, bila kusimamisha mikono.

"Jana nimemwona Baba."

"Wapi?"

"Uwanjani. Amekaa kwenye ngazi za watazamaji, peke yake, na ovaroli yake. Saa nne asubuhi."

"Labda ametumwa na kiwanda."

"Elisante, alikuwa amepakata hotpoti lake la chakula anatazama majani. Hakuna mechi, hakuna mtu."

Ulikuwa umeshakwenda mpaka getini kiwandani kuuliza. Mlinzi alikwambia Baba alipunguzwa tangu masika. Hapo tulikuwa tunakaribia Krismasi. Miezi yote ile alikuwa anaamka, anavaa, anatuaga, anawasalimia majirani njiani, anashuka mjini kukaa kwenye ngazi za saruji mpaka saa ya kutoka kazini ifike. Jioni alirudi, anavua viatu mlangoni, anasema, "Leo kazi ilikuwa nzito."

Nilitaka kumwambia tunajua. Ukanikataza. "Hayo ndiyo yamebaki ya kwake," ukasema. Ukaendelea kuamka kabla ya mapambazuko kumpikia. Ulianza kumwekea makande yenye maziwa ya mgando kama alivyopenda, na parachichi limefungwa pembeni. Ulikuwa unampikia Baba chakula cha kwenda kukaa uwanjani, Dada, na ulikipika kwa uangalifu kuliko ulivyowahi kupika cha kazini. Nilikuwa nakutazama kutoka kitandani nikijifanya nimelala.

Kutokana na hayo ndipo ukaandika "Ovaroli". Maneno yake nayajua mpaka leo:

Kavaa ovaroli ya bluu, anakwenda kazini,
kazi imekwisha, miguu haijaambiwa.

Tulirekodi Jumapili mchana baada ya ibada, kwenye stoo ya vipuri ya kina Harjit, gereji za jirani zikiwa zimefungwa. Harjit aliegemeza magodoro ukutani, akawasha ile mashine ndogo ya kurekodia. Besi alipiga kwa mkono wa kushoto kwenye kinanda, na mkono wa kulia ukafanya mengine yote. Ulipoimba "Ovaroli" kwa mara ya kwanza, Saidi aliacha kupiga katikati ya wimbo. Akaweka vijiti chini.

"Huyo ni mimi," akasema.

"Si wewe, kaka Saidi."

"Basi tuko wengi."

Akaokota vijiti, tukaanza upya. Hiyo ya pili ndiyo iliyoko kwenye kanda.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kuruka. Siruki.

Wiki moja kabla ya kupeleka kanda Nairobi ikatolewe nakala, tulikwenda ziwani Momela kupiga picha ya jalada. Harjit aliendesha pikapu ya baba yake, sisi nyuma, vumbi mpaka kwenye meno. Heroe walikuwa wengi upande wa mbali wa ziwa. Twiga wawili walitutazama kama wakwe. Ulivaa koti la kijani la mtumba na ukashika tarumbeta lako kama mwavuli. Picha ilipokwisha ukanivuta pembeni, tukakaa kwenye nyasi.

"Ule mstari wa hotpoti," ukasema. "Tuutoe?"

Mstari wenyewe ulisema hotpoti jekundu, kifuniko cha kijani. Hotpoti la Baba lilikuwa hivyo. Kifuniko chake chenyewe kilipasuka, ukalivisha cha jingine. Ovaroli za bluu zilikuwa nyingi mjini, lakini Nkoaranga nzima hakukuwa na hotpoti jingine la namna ile.

"Harjit anasema naweza kuimba upya mahali pale tu," ukaendelea. "Ni kazi ya nusu saa. Naogopa watu wa nyumbani watamjua."

Nilikujibu upesi. Nilisema, "Uache. Ndio unaofanya wimbo uaminike." Nilisema na mengine, kwamba redio haifiki kwetu vizuri, kwamba wazee hawasikilizi mambo yetu. Hukujua kwa nini nilisema hivyo, au labda ulijua. Tromboni yangu ilikuwa inaingia mara tu baada ya mstari ule. Ilikuwa mara ya kwanza maishani nimepiga kitu kizuri hivyo, na kwa sababu mashine ya Harjit ilikuwa ndogo, kugusa mstari wako kungegusa na mwanzo wangu. Sikutaka kuurudia. Niliogopa sitaweza tena.

Ukanitazama kidogo. "Haya," ukasema. "Wewe ndiye mwanamume wa nyumba." Ulikuwa unanitania. Nilifurahi.

Kanda ilitoka, ikapendwa. Haikufika mbali sana, lakini kuanzia Arusha mpaka Moshi ukipita kwenye vibanda vya muziki uliisikia. Kituo kimoja cha redio, kati ya vile vipya vya watu binafsi vilivyoanza siku zile, kilikuwa kinaurusha "Ovaroli" kila alasiri. Watu walicheza kwanza, maneno wakayasikia baadaye. Nilimwona mama mmoja sokoni ameshika fungu la nyanya, anatikisa bega, halafu bega likasimama.

Na redio ikafika Nkoaranga vizuri tu.

Baba alikuwa anarudi jioni, amepita penye mashine ya kukoboa kahawa ambapo wanaume walikuwa wamekaa. Alikuwa ameshika hotpoti mkononi. Kisha mmoja, kijana wa kumzaa mwenyewe, akasema kwa adabu zote, "Shikamoo, Mzee Ovaroli." Hakuna aliyecheka, na nadhani hilo lilimuumiza kuliko kicheko.

Aliingia nyumbani akaomba kanda. Hakukaa. Alisikiliza upande mzima amesimama mbele ya redio, mkono umeshika meza. Wewe ulikuwa umetoka kuanua nguo, umesimama mlangoni na nguo kifuani. Upande ulipokwisha alizima.

"Umenivua nguo barabarani," akakwambia.

"Baba, sikutaja jina."

"Wamenitaja wao."

Kisha akanigeukia. "Na wewe ulijua?"

Nikasema, "Hapana, Baba. Mimi napiga ninachoambiwa."

Nilisema hivyo, Dada. Nimeishi na maneno hayo kuliko nilivyoishi na mke wangu. Sikukutazama, lakini nilihisi unanitazama. Ulikuwa na nafasi ya kunisema. Ungesema neno moja tu, Momela. Badala yake ulisema, "Hakujua, Baba. Ni mimi peke yangu."

Baba hakukufukuza. Watu wengi wanadhani alikufukuza, si kweli. Aliacha tu kula chakula chako. Uwanjani hakwenda tena. Alishinda shambani, na mchana ulimpelekea sahani, na jioni uliikuta pale pale penye jiwe, imefunikwa kama ulivyoifunika. Ulipika hivyo siku kumi na moja. Ya kumi na mbili ulifunga sanduku.

Nilikusindikiza mpaka barabara kuu. Harjit alikuwa amekupatia watu wa Nairobi wanaotafuta mwimbaji. Nilikuwa nataka kusema, nikawa nasema habari za mvua. Ulinishika kichwa kwa mikono miwili kama ulivyokuwa unafanya nikiwa mdogo ukitafuta uchafu masikioni. "Mpikie wewe," ukasema. "Usizidishe chumvi. Kifua kikimbana usiku mpe maji ya moto."

Barua zako za Nairobi nilizipata zote mbili. Ya tatu ilitoka Uholanzi, ina picha ya baiskeli zimelala kwenye theluji. Uliandika kwamba unaimba Jumamosi kwenye mgahawa na siku nyingine unafanya usafi ofisini. Mwishoni ukauliza, "Umeshamwambia Baba? Ukimwambia, niandikie. Nitasubiri." Kumbe tangu uondoke ulikuwa unasubiri hilo. Sikujibu. Kila wiki nilisema wiki ijayo nitamwambia Baba, halafu nitakujibu nikiwa na habari njema. Sikutaka kukuandikia kwamba bado.

Haya yafuatayo huyajui, kwa sababu hayakukufikia. Yasome taratibu.

Mwaka wa nne tangu uondoke, Jumapili moja baada ya ibada, walikuja nyumbani wanaume watano wamevaa makoti. Walikuwa wenzake Baba wa kiwandani. Aliyewaongoza alikuwa Mzee Loti, aliyekuwa anafanya naye zamu moja. Baba aliwapokea kwa heshima, nikaleta pombe ya mbege, wakazungumza habari za mvua na ng'ombe mpaka mazungumzo yakaisha. Ndipo Mzee Loti akasema, "Tumekuja kwa sababu ya ule wimbo."

Baba akaanza kuinuka.

"Kaa, mzee mwenzangu. Mimi nilikuwa nakaa stendi. Nilikuwa na tiketi ya zamani, nikiona mtu ninayemfahamu natazama tiketi kama mtu anayesubiri basi. Nilifanya hivyo tangu masika mpaka Pasaka ya mwaka uliofuata."

Mwingine akasema, "Mimi maktaba. Gazeti moja kutwa nzima. Nimesoma matangazo ya vifo ya nchi hii yote."

Mwingine alikuwa anakwenda kwa shemeji yake Usa River kulima bustani, na ovaroli yake ya kiwanda, anaivua kichakani ili isichafuke. Kila mmoja alikuwa na mahali pake. Kila mmoja alidhani ni yeye tu. Walikuwa wameanza kuambiana baada ya kusikia wimbo wako, mmoja akamwambia mmoja, na sasa walikuwa wamekuja kumtafuta mwenye hotpoti. Baba alisikiliza ameinamisha kichwa, mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Walicheka wote mpaka Mzee Loti akapaliwa. Kisha wakaomba kusikiliza, na Baba akaingia chumbani mwake akatoka na kanda. Ilikuwa humo miaka yote minne.

Walipoondoka nilimwambia. Nilisimama mbele yake nikasema, "Baba, mimi nilijua. Nilijua kabla wimbo haujaandikwa. Elinipa alitaka kutoa mstari wa hotpoti, mimi nikamkataza."

Akaendelea kukusanya vikombe. "Nilijua siku ile ile," akasema. "Mtu hapulizi vile jambo asilolijua."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilikuwa nasubiri useme wewe."

"Miaka minne, Baba?"

"Nilikuwa na muda. Sikuwa na kazi."

Nilimwuliza kwa nini basi alikuacha uondoke. Alimaliza kwanza kupanga vikombe kwenye sinia. "Ukaidi," akasema mwisho. "Kile chakula nilikuwa nakitamani."

Nilikuandikia usiku huo huo, kurasa nyingi. Baba naye aliongeza mistari miwili kwa mkono wake, kwa kalamu ya risasi. Barua ilirudi baada ya miezi mitatu imepigwa muhuri kwamba umeshahama. Niliandika tena kwa watu wa Nairobi, hawakujibu. Harjit alikuwa amehamia Uingereza na familia yake. Alikutafuta, akaniandikia kwamba kwenye ule mgahawa hawakukumbuki. Ile barua iliyorudi ninayo, haijafunguliwa. Mistari ya Baba siwezi kukuandikia hapa, sikuisoma. Aliiandika akaikunja mwenyewe.

Saidi alifariki kwa kisukari. Harjit moyo wake ulisimama akiwa anaendesha gari. Mwanawe alinipigia simu. Katika watu wanne wa ile picha ya Momela, ninayejua kwamba yuko hai ni mimi. Mke wangu yuko Mwanza kwa binti yetu aliyejifungua mapacha, ananipigia Jumapili. Nikimaliza kuzungumza naye nyumba inakuwa kubwa. Tromboni niliirudisha usharikani zamani. Wakati mwingine nasikia vijana wa bendi wanafanya mazoezi, najua kabisa ni nani anayekosea na wapi, na sina wa kumwambia. Siku hizi nazungumza peke yangu, Dada. Nilijigundua juzi: nilimwuliza mtu kama anataka chai, nikageuka, hakuna mtu.

Baba alituacha kwa uzee, akiwa na akili zake zote. Lakini mwaka mmoja kabla, aliita ukoo. Walikuja baba zetu wadogo na wazee wa boma, nikadhani anataka kunikabidhi shamba lote kama desturi. Akasimama na fimbo yake akasema kihamba, shamba letu la ukoo, kinagawanywa mara mbili, nusu ya chini ya Elisante, nusu ya juu, iliyo na nyumba ya zamani na mfereji, ya Elinipa.

Baba Mdogo mmoja akasema, "Kaka, huyo ni mwanamke, tena yuko Ulaya. Hatujui hata kama yupo."

Baba akamjibu, "Ulaya hakuzaliwa. Alizaliwa mle chumbani, mama yetu alikuwepo."

Wakabishana kutwa nzima. Baba hakupandisha sauti wala hakurudi nyuma. Jioni wakapanda miche ya masale kuonyesha mpaka, wakaandika karatasi, wazee wakaweka sahihi, na yule yule Baba Mdogo akaweka dole gumba lake. Karatasi iko kwa mchungaji.

Kwa hiyo una shamba, Dada. Nilitaka ulijue hilo kuliko mengine yote. Watu wamekuja kuniomba niwakodishe, nimewakataa. Napalilia mwenyewe, safu kwa safu, mguu mmoja unaniuma siku za baridi lakini nafika mpaka juu. Kahawa ya zamani nimeikata, imechipua vizuri. Migomba ya upande wa mfereji mwaka huu imezaa mikungu mizito mpaka nimeiwekea miti ya kuiegemea. Nyumba nimebadilisha bati. Nafungua madirisha kila Jumamosi ili hewa ipite.

Sikuombi urudi kuishi. Sina haki hiyo, na labda una watu wako huko, una wajukuu wanaokuita kwa lugha nisiyoijua. Njoo tu uone mipaka yako, au nitumie neno moja kwamba umesoma. Kama ungependa kuja bila kuniona, niambie siku. Nitashuka mjini asubuhi nishinde huko, na ufunguo nitauacha dirishani. Na kama utapenda kunikuta, huna haja ya kunipa taarifa. Mimi nipo nyumbani. Nipo nyumbani siku zote.

Mungu akutunze popote ulipo, na akuzidishie pumzi.

Ni mimi mdogo wako,
Elisante
Nkoaranga